Paka wa kwanza alikufa mwezi wa sita. Nifanye nini huyu wa pili aishi?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kampemba, hapa Lubumbashi. Nimelifupisha:

"Munganga, mwaka jana mwezi wa sita paka wetu aliacha kula. Siku mbili alilala kando ya mbabula, tukasema ni baridi. Siku ya tatu nilimpa robo ya kidonge cha paracetamol, akafa usiku uleule. Sasa watoto wameleta kapaka kengine ka miezi minne, jike, wanakaita Bijou. Jirani anasema paka hana haja ya chanjo, bukari na samaki vinatosha. Wifi yangu ana mimba, anataka kapaka katoke nyumbani. Nataka kukatunza mwaka mzima, kasife kama yule. Pesa si nyingi."

Jambo, mama. Pole kwa yule wa kwanza, na nianze naye, maana ukielewa alivyokufa, nusu ya jibu utakuwa nayo.

Kile kidonge ndicho kilichommaliza. Nasema wazi kwa sababu hauko peke yako. Ni kosa la mikono yenye huruma, na kila baridi ikiingia naletewa paka wa namna hiyo. Ini la mtu linajua kuifunga paracetamol na kuitoa mwilini. Ini la paka halijui, au linajua kidogo mno. Dawa inabaki, inageuka sumu, inaharibu chembe nyekundu mpaka damu inakuwa ya rangi ya kahawia na haibebi tena hewa. Fizi zinafanana na udongo, uso na nyayo zinavimba, pumzi inakatika. Robo ya kidonge cha miligramu 500 ni miligramu 125. Kwa paka wa kilo tatu, tena aliyekwisha dhoofika, hiyo si robo tena. Ibuprofeni na diklofenaki si afadhali. Waambie watoto, na mwambie jirani pia: dawa ya mtu haiingii mdomoni mwa paka, hata kipande.

Lakini paracetamol haikuwa ugonjwa wake. Alikuwa mgonjwa tangu siku mbili, pengine wiki mbili, na hapo ndipo shida ya paka ilipo. Mbwa akiumwa atakulilia, mtoto atakuonyesha tumbo. Paka ni mwindaji mdogo ambaye naye huwindwa, na porini anayeonyesha unyonge huliwa. Kwa hiyo huficha. Anachofanya ni kuhama tu mahali pa kulala: jana alikuwa juu ya kabati, leo yuko nyuma ya gunia la makala. Sisi tunasema "amezoea pale". Ukingoja alie, umechelewa. Kazi yako, mama, ni kumjua Bijou sasa akiwa mzima, mpaka siku akibadilika kidogo wewe uone kabla yake.

Anza na uzito. Mpeleke kwa muuza unga mwenye mzani, muweke ndani ya beseni, pima, toa uzito wa beseni. Atacheka mara ya kwanza. Mara ya tatu atakuuliza mwenyewe Bijou yuko wapi. Kapaka ka miezi minne huwa kana kilo moja na nusu mpaka mbili, na kanapaswa kupanda karibu nusu kilo kwa mwezi mpaka miezi sita. Akishakuwa mkubwa, pima mara moja kwa mwezi na uandike. Paka wa kilo tatu akipoteza gramu 300 ni sawa na wewe wa kilo 60 kupoteza kilo sita: watu wangekuuliza una nini, lakini kwa paka manyoya yanafunika yote.

Pili, pumzi. Akilala usingizi, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja. Kati ya 20 na 30 ni sawa. Ikipita 40 naye amelala kimya, au ukimkuta anapumua kwa mdomo wazi kama mbwa, usingoje kesho. Fizi ziwe na rangi ya waridi. Na mchanga wake uuangalie kila siku: amekojoa mara ngapi, choo kigumu au maji. Paka asiyekula siku nzima ni wa kuletwa. Zikipita siku mbili au tatu bila kula, mafuta ya mwili wake yanakimbilia kwenye ini na kulijaza, hasa akiwa mnene, na hapo tunakuwa na magonjwa mawili badala ya moja.

Sasa chakula, maana jirani yako amesema nusu ya ukweli. Samaki, ndiyo. Bukari, hapana. Kijiko kimoja cha bukari ndani ya mchuzi hakitamuua, ila tumbo la paka limeumbwa kwa nyama, na kuna vitu ambavyo mahindi hayana kabisa. Kimoja kinaitwa taurini. Mtu hujitengenezea mwenyewe. Paka hutengeneza kidogo mno, lazima aikute ndani ya nyama au samaki. Akiikosa muda mrefu, macho yanapofuka polepole, na moyo unapanuka na kulegea kama mfuko mtupu. Mpaka mwaka 1987, watafiti wa Marekani walipolionyesha, waganga tuliuita ugonjwa huo wa moyo bahati mbaya. Kumbe ilikuwa sahani. Taurini imejaa ndani ya moyo wa kuku na wa ng'ombe na ndani ya samaki, na inayeyuka majini. Kwa hiyo ukichemsha, usimwage mchuzi. Mpe na mchuzi wake.

Kitu cha pili ni chokaa ya mifupa. Kapaka kanakokula nyama tupu, laini, bila mfupa, miguu inapinda na kuvunjika kwa kuruka kitandani tu. Hapa sisi tuna bahati: ndakala. Samaki mdogo anayeliwa mzima, na kichwa na mifupa yake, ndiye chakula kizuri kuliko vingi vinavyouzwa ndani ya mifuko yenye picha. Waloweke, mwaga maji ya kwanza ili chumvi ipungue, chemsha mpaka walainike. Samaki mbichi usimpe kila siku. Aina nyingi zina kitu kinachovunja vitamini B1, na paka aliyeikosa anaanza kuinamisha kichwa na kuyumba kama mlevi. Kwa mwezi ningepanga hivi: ndakala siku nyingi, samaki wa thomson aliyechemshwa na kutolewa miba siku nyingine, moyo na firigisi za kuku unapopata, yai lililoiva mara moja moja. Ini ni mara moja kwa wiki na kipande cha kidole tu, kwa sababu vitamini A yake ikizidi inagandisha mifupa ya shingo. Paka mkubwa wa kilo tatu au nne anatosheka na gramu 150 mpaka 200 za nyama au samaki kwa siku. Bijou sasa ale mara tatu au nne, kidogo kidogo.

Toa sehemu yake kabla hujatia kitunguu. Kitunguu na kitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, vinapasua chembe za damu yake. Mfupa wa kuku uliopikwa unachanika kama mti, usimpe. Maziwa ya ng'ombe yanamharisha. Maji yanamtosha, na bakuli la maji liwe mbali kidogo na chakula.

Chanjo. Hapa jirani amekosea kabisa. Nina magonjwa matatu ninayoyaogopa. La kwanza tunaliita tifusi ya paka, ingawa halina uhusiano na tifoidi ya watu: kirusi kinachomaliza utumbo na kinga ya mwili, na kinaua kapaka ndani ya siku chache. Kirusi hicho kinaweza kukaa nyumbani hadi mwaka mzima, na sabuni ya kawaida hakiiogopi. Sijui kama ndicho kilichoanza na paka wako wa kwanza, kwa hiyo mahali alipolala na beseni lake vioshe kwa sabuni, kisha javeli kikombe kimoja ndani ya vikombe thelathini vya maji, acha dakika kumi, suuza, anika juani. Nguo zake za zamani choma. La pili ni koriza, mafua ya paka yanayofunga macho na pua. Mengi yanapona, mengine yanamwachia makamasi maisha yote. La tatu ni kichaa cha mbwa, nalo si la paka peke yake. Paka aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa anaweza kumuuma mtoto wako, na dalili zikishatokea kwa mtu karibu hakuna anayepona. Mtoto akiumwa na mnyama yeyote asiyejulikana, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni dakika 15 kwa saa ya ukuta, ndipo muende hospitali siku hiyohiyo.

Kwa miezi minne, Bijou bado yuko ndani ya muda mzuri. Sindano moja ya tifusi na koriza sasa, pamoja na ya kichaa mara moja, kisha ya pili ya tifusi na koriza baada ya wiki tatu au nne. Mwaka ujao zirudiwe zote. Baada ya hapo ya tifusi inaweza kungoja miaka mitatu. Ya kichaa fuata maandishi ya chupa na ushauri wa munganga. Na uliza swali moja bila haya: chanjo imekaa wapi? Inapaswa kulala kwenye baridi ya digrii 2 mpaka 8. Umeme wetu unaujua. Chanjo iliyopata joto siku tatu ndani ya friji iliyozimika ni maji tu, na utarudi nyumbani ukidhani una kinga. Mji huu una fakulte ya tiba ya wanyama pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Ukikosa mtu unayemwamini mtaani, anzia huko.

Umeniandikia mwisho wa mwezi wa nane, kwa hiyo mwaka wa Bijou unaanza na joto. Septemba na Oktoba, jakaranda zikichanua, vumbi ni jingi na jua ni kali. Paka hujisafisha kwa ulimi: kila kinachotua juu ya manyoya kinaishia tumboni. Kama nyumba iko karibu na barabara ya malori ya mawe ya migodi, mpanguse kwa kitambaa chenye maji jioni. Kama ana masikio meupe, jua la saa sita linayachoma. Kidonda kikavu kwenye ncha ya sikio kisichopona si cha kupakwa mafuta, ni cha kuletwa, kinaweza kuwa kansa ya ngozi.

Ndani ya joto hilohilo atafikisha miezi mitano, na huenda usiku mmoja ukaamka kwa kelele. Ataviringika chini, atainua mkia, atalia kama mtoto aliyepotea. Hajarogwa wala haumwi, anatafuta dume. Siku 63 au 65 baadaye utakuwa na paka watano. Mfanyie operesheni ya kufunga uzazi mapema, kabla hajaanza kutafuta dume ikiwezekana: kunapunguza sana kansa ya matiti na kunamuepusha na usaha wa tumbo la uzazi. Ila usikubali achomwe sindano ya uzazi wa mpango ya wanawake, eti ni bei rahisi. Nimefungua matumbo ya paka waliochomwa hivyo, na bei waliyolipa mwishoni haikuwa rahisi.

Novemba mvua inashuka, na viroboto nao. Wale unaowaona juu ya paka ni wachache. Karibu sehemu 95 kwa mia za ukoo wao ni mayai na watoto waliojificha ndani ya blanketi, nyufa za sakafu na mikeka. Ndiyo maana mtu anampaka paka dawa leo, Jumapili viroboto wamerudi, anasema dawa ni ya uongo. Osha matandiko kwa maji ya moto kila wiki, anika, fagia chini ya vitanda. Juu ya paka weka dawa iliyoandikwa paka. Hapa nisimame kidogo, kwa kuwa hiki ndicho kifo cha pili cha mikono yenye huruma: matone ya mbwa. Mengi yana permetrini, sumu ya wadudu. Mbwa anayavumilia, paka anaanza kutetemeka ndani ya saa chache, kisha degedege. Unga wa kuku, petroli na mafuta ya gari navyo hapana, maana ataviramba vyote.

Kiroboto akimezwa anamletea tegu. Utaona punje kama za mchele karibu na mkundu wake. Kwa minyoo, Bijou apewe dawa sasa, tena kila mwezi mpaka miezi sita, kisha kila miezi mitatu. Akigeuka mwindaji hodari, mara nyingi zaidi. Kipimo cha dawa kinatokana na uzito, na hapo ile safari ya kwa muuza unga inaanza kulipa.

Aprili na Mei mahindi yakiingia nyumbani, panya wanayafuata, na lupango nzima inatafuta sumu. Paka hahitaji kula sumu yenyewe. Anakula panya aliyelewa, anayetembea polepole. Sumu nyingi zinazuia damu kuganda, na dalili zinakuja baada ya siku kadhaa: uchovu, fizi nyeupe, damu puani, kifua kizito. Kuna dawa yake, vitamini K1, ikitolewa mapema. Zungumza na majirani wa lupango moja. Ukikuta pakiti, itunze hata kama imechanika. Bila kujua alichokula, munganga anapapasa gizani. Zile zisizo na jina zinazouzwa njiani ndizo ninazozichukia zaidi.

Halafu baridi, Juni na Julai, mwezi uliokuumiza. Paka akisogelea mbabula si kosa, hata mzima anapenda joto. Mambo mawili tu. Moshi usioonekana wa makala ndani ya chumba kilichofungwa unaua paka na watu pamoja, kwa hiyo mbabula hailali ndani, na hilo nalisema kwa ajili ya watoto wako kuliko kwa Bijou. Mpe badala yake sanduku la karatasi lenye sweta kuukuu, juu kidogo ya sakafu, mbali na upepo wa mlango. La pili: wakati wa baridi paka hunywa kidogo, na mkojo unakuwa mzito. Maji ya vuguvugu na mchuzi vinasaidia. Kwa jike hatari si kubwa. Wenye madume wasikie hapa: dume anayeingia mchangani mara kumi, anasukuma na hatoi kitu, si choo kigumu. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimpa mmoja mafuta ya kulainisha tumbo, nikamrudisha nyumbani. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba. Alikufa siku ya pili, na mwenye paka alinishukuru kwa kujaribu. Mpaka leo shukrani ile inaniuma.

Sasa wifi yako. Hofu yake si upuuzi, msimcheke. Kuna kimelea, toksoplasma, kinachoweza kuharibu mimba, na paka ndiye anayetoa mayai yake kwa choo. Lakini kwa kawaida anayatoa mara moja maishani, kwa wiki moja mpaka tatu, baada ya kula panya, ndege au nyama mbichi yenye kimelea. Na mayai hayo yanahitaji siku moja mpaka tano kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Hesabu ni rahisi: mchanga utolewe kila siku, na mtu mwingine, si yeye. Bijou ale chakula kilichoiva, akae ndani mpaka mtoto azaliwe, kwa maana umri wake wa kuanza kuwinda ndio umri wa hatari. Wifi naye asile nyama isiyoiva, aoshe matembele na saladi vizuri, avae glavu akilima. Watu wengi huambukizwa na nyama na udongo kuliko na paka aliyelala mapajani. Kwenye kliniki ya mimba aombe kipimo cha damu. Kikionyesha alikwisha kukutana na ugonjwa zamani, mtapumua wote.

Umesema pesa si nyingi. Basi fuata mpango huu: mwezi huu dawa ya minyoo na sindano ya kwanza pamoja na ya kichaa. Mwezi ujao sindano ya pili. Kisha weka kidogo kidogo kwa ajili ya operesheni, usisubiri mpaka alie usiku. Dawa ya viroboto inunuliwe mvua ikikaribia. Chakula cha mifuko, mkufu wenye kengele, sabuni ya manukato, hivyo viache dukani.

Siku ya kumleta, mama, usimbebe mikononi juu ya taksi-moto. Honi moja tu na utamtafuta Ruashi yote. Chukua kikapu chenye kifuniko, au sanduku ulilotoboa matundu na kulifunga kamba, weka ndani ile sweta anayolalia. Asile asubuhi hiyo, kwa kuwa wengine wanatapika njiani. Na karatasi ya uzito, hata kama ina namba moja tu, uje nayo.